Likizo ya Moyo wa Ipyana

1

Bupe alipoanguka katikati ya uwanja wa mpira wa pete, mume wake hakumkimbilia.

Alikuwa akichezesha mchezo wa shule mbili za sekondari, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Rungwe kiasi kwamba magoli yalionekana kama watu wawili warefu waliosimama mbali. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kushona sare za wanafunzi. Urefa aliufanya kwa mapenzi, na umri wa miaka hamsini na saba haukumzuia. Tangu asubuhi taya ilikuwa ikimuuma, akadhani ni jino. Kisha mkono wa kushoto ukawa mzito, kifua kikabanwa kana kwamba mtu amekikalia, na nyasi zikamjia usoni.

Akiwa amelala ubavu aliwaona wasichana wa timu zote mbili wakija mbio, wakipiga kelele. Aliwaona pia watazamaji. Pembeni mwa uwanja, watu kama thelathini walikuwa wamesimama wima bila kutikisika, kila mmoja ameweka kiganja cha kulia kifuani. Mikono yao ya kushoto ilikuwa imejikunja kama miguu ya ndege aliyekufa. Macho yao yalikuwa nusu wazi. Midomo yao ilicheza kwa pamoja, ikitaja majina ya mabanda ya kupimia chai, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini.

Ipyana, mume wake, alikuwa katikati yao.

Bupe alijua wanachofanya. Mji mzima ulijua. Walikuwa wakibeba. Mahali fulani moyo wa mtu mmoja wa Kikoa, chama cha watu waliounganishwa mioyo, ulikuwa umelegea, na wenzake wote, popote walipokuwa, walikuwa wakiushikilia mpaka urudi kwenye mwendo wake. Asiye wa Kikoa, akiwakuta wanabeba, hunyamaza akasubiri. Ndiyo ilikuwa adabu ya mji. Kwa hiyo na yeye alisubiri, shavu lake kwenye nyasi zilizolowa, mume wake amalize kumbeba mtu mwingine.

Walipofika kwenye jina la daraja, wote walivuta pumzi moja, wakashusha mikono. Ipyana alifumbua macho vizuri, akamwona, akaja. Alikuja akitembea.

"Mama Lusajo," alisema akichuchumaa kando yake, "umeanguka."

Uso wake ulikuwa mtulivu, kama wa mtu anayetazama mvua kupitia dirishani.

2

Picha za mishipa yake zilikuwa ukutani hospitalini, kubwa, zikipumua. Bupe aliambiwa ule mti mweusi unaotikisika ni yeye.

"Moyo unalisha mwili mzima, lakini na wenyewe unahitaji kula," alisema Daktari Sekela Mwanjala. Alikuwa mpasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, aliyekuwa akija kutoka Mbeya kila juma kwa ajili ya wagonjwa wachache ambao bado walitaka kisu. "Hii ndiyo mishipa inayoulisha. Hapa kwenye shina la kushoto pamebana sana. Hapa pia, na hapa. Mishipa yote mitatu imeharibika, Mama. Na una kisukari."

"Nimekaa nacho miaka mingi."

"Ndiyo maana sitaki kukuzungusha. Ningekuwa mimi, ningepasuliwa. Nitafungua kifua, nitausimamisha moyo, mashine itazungusha damu badala yake. Nitachukua mshipa wa kifuani na mwingine wa mguuni, niishone iwe njia mpya zinazopita kando ya palipoziba. Kuna wanaofia mezani. Si wengi, ila wapo. Kuna wanaoamka na kiharusi. Kuna wanaokaa miezi wakisahau majina ya watu. Mfupa wa kifua utakuuma kila ukicheka, karibu miezi mitatu. Lakini njia hizo hudumu, na kwa mtu wa hali yako hudumu kuliko stenti."

Daktari wa pili alisubiri mpaka amalize. Huyu alikuwa Daktari Ngonyani, mkuu wa kitengo cha Kikoa, mtu mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha.

"Kwa stenti za zamani ningekubaliana na mwenzangu," alisema. "Tungeingiza vibomba vya waya kupitia mkononi, tungeitanua mishipa, kesho yake ungekwenda nyumbani, na baada ya muda ingeziba tena. Zetu zimesukwa na uzi unaosikiliza damu." Alifungua kifungo cha shati akamwonyesha uvimbe mdogo chini ya mfupa wa bega, wa ukubwa wa punje ya hindi. "Uzi unaongea na kifaa hiki, na hiki kinaongea na vya wenzangu wote. Zamani walijaribu kuifundisha mashine kuuamsha moyo uliolegea. Mashine ilipiga mapigo yaliyonyooka mno, nyama ikayakataa. Moyo ulio hai unausikia moyo ulio hai. Kwa hiyo wako ukilegea, yetu inashuka mpaka ulipo, inakwenda nao kidogo, halafu inapanda nao."

"Na mnaposhuka, mnaumia?"

"Mikono inapoa. Kizunguzungu kidogo. Tunagawana, Mama. Tumezidi mia mbili sasa, na kila anayeingia anatupunguzia. Tangu Kikoa kianze, hakuna mwanachama aliyekufa kwa moyo."

Daktari Sekela alizima picha. "Hilo ni kweli," alisema. "Hakuna aliyekufa. Kabla hujaamua, nenda wodi ya mwisho ukamsalimie Mzee Gwakisa."

Bupe alimtazama Ngonyani usoni akitafuta hasira, hata mkunjo mdogo wa paji la uso. Hakuuona.

"Nenda," alisema Ngonyani kwa upole. "Ni mwenzetu."

3

Mzee Gwakisa alikuwa ameendesha lori la chai karibu maisha yake yote. Mwanzoni mwa mwaka alipata kiharusi kikubwa, madaktari wakasema ubongo umekwisha, hakuna kitakachorudi. Alikuwa bado kitandani. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, ngozi imekauka kama karatasi ya kufungia sukari, na mkono wa kushoto ulikuwa umejikunja juu ya shuka. Lakini kwenye kioo kilichokuwa juu ya kichwa chake mapigo yalikuwa yakipita moja moja, yenye nguvu, mazuri kuliko ya Bupe.

Binti yake, Tusekile, alikuwa akimpaka mafuta miguuni. Yeye na Bupe waliwahi kushona meza moja kwa miaka, wakigombania mkasi mmoja.

"Dada Bupe," alisema akisimama. "Nimesikia umeanguka. Pole."

"Nimeshapoa. Baba anaendeleaje?"

Tusekile alikuwa akimtazama muuguzi mlangoni. Muuguzi alikuwa ameingia na sinia la dawa, akasimama hatua moja ndani ya chumba. Aliliweka sinia chini polepole, akaweka kiganja kifuani. Mkono wake wa kushoto ulianza kujikunja, kidole baada ya kidole, mpaka ukafanana na ule uliokuwa juu ya shuka.

Kwenye kioo mapigo yalikuwa yameanza kutawanyika.

Bupe aligeuka dirishani. Nje, mkata nyasi alikuwa amesimama na fyekeo lake. Mbali zaidi, kwenye njia ya kuelekea lango, wanawake wawili waliokuwa wakipiga soga walikuwa wamenyamaza. Kutoka kwenye korido alisikia sauti ya Daktari Ngonyani ikiungana na ya muuguzi, na ya mtu mwingine wodi ya jirani, zikitaja banda la kwanza, banda la pili, banda la miti ya mikaratusi. Hazikupishana hata kwa silabi moja.

"Ni njia yake," Tusekile alinong'ona. "Ndivyo alivyokuwa akizunguka kukusanya magunia. Baada ya daraja ni nyumbani kwetu. Sikiliza."

Walifika darajani. Pumzi moja. Mapigo kwenye kioo yakasimama sawa tena. Muuguzi aliinama, akaokota sinia lake, akawatabasamia kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

"Hajawahi kulivuka," alisema Tusekile muuguzi alipotoka. "Kila akifika pale wanamrudisha. Daktari anasema si mawazo, ni misuli tu inacheza. Huenda. Mimi si daktari."

"Hujawaomba wamwache?"

"Mtu haachwi mpaka wanachama wote wakubali. Nimekwenda nyumba kwa nyumba. Mume wako alinikubalia, aliniambia, Tusekile, hata mimi naona amechoka. Mmoja mmoja wananikubalia. Wakikaa kikaoni wanasema bado. Wote, kwa sauti moja." Alirudi kwenye miguu ya baba yake, akaanza upya kupaka mafuta mahali ambapo alikuwa ameshapaka. "Wakikaa pamoja wanakuwa na moyo mmoja, Dada. Na moyo huo hautaki kufa."

4

Nyumbani Ipyana hakumruhusu kushika kitu. Alimenya ndizi yeye mwenyewe, na kila baada ya ndizi chache alisimama kuupasha moto mkono wa kushoto juu ya jiko, mpaka vidole vifunguke. Bupe alikaa kwenye kigoda akimtazama. Huyu ndiye mwanamume ambaye, Lusajo alipozaliwa, alizunguka hospitali akilia mpaka mlinzi akamshika mkono kumkalisha. Sasa Lusajo alikuwa mtu mzima anafanya kazi Mtwara, na Ipyana alikuwa na miaka mitatu ndani ya Kikoa.

"Baba Lusajo. Nilipoanguka, uliogopa?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya, na Kikoa hakikulibadilisha hilo.

"Nilianza kuogopa. Nilikuona unashuka, moyo ukaanza kwenda mbio. Halafu wakanipunguzia."

"Nani?"

"Wote. Moyo ukikimbia sana, kwao ni sawa na uliolegea. Wanaushika, unatulia." Alitabasamu. "Ni raha, Mama Lusajo. Huwezi kujua ni raha kiasi gani, kutoachwa peke yako hata siku moja."

Bupe alikumbuka mazishi ya dada yake Ipyana, mwaka uliopita. Ipyana alisimama kando ya kaburi macho makavu, akapokea wageni vizuri, akala vizuri. Watu walimsifu kwa kujikaza. Hata yeye Bupe alimsifu.

"Na mimi nikifia mezani kwa Daktari Sekela?"

Kisu kilisimama kwenye ganda. "Nitajua kwamba nimefiwa," alisema.

"Utajua."

"Nitajua. Nitakuosha, nitakuzika vizuri, nitakaa msibani." Alimtazama, na Bupe aliona kwamba macho yake yamelowa, ila kifua kilikuwa kikipanda na kushuka taratibu, na machozi hayakupata kitu cha kuyasukuma. "Ndiyo maana nakuomba ujiunge. Ukiwa ndani nitakusikia. Na kuna jambo jingine, ambalo sipendi kulisema. Watu wamechoka. Mama Ambwene alizimia sokoni juzi tukiwa tunabeba. Kila moyo unaoingia unapunguza uzito. Ukibaki nje hakuna atakayekulaumu. Lakini uzito utabaki palepale, na mimi nimo humo chini yake."

Hilo ndilo lililomkaa Bupe kooni. Angejiambia kwamba anachagua kisu kwa sababu mpasuaji amemshauri, na ingekuwa kweli. Lakini angekuwa pia amewaona watu wanabeba mzigo, akapita kando. Na akijiunga, angekuwa anamshikilia Mzee Gwakisa upande huu wa daraja kwa kifua chake mwenyewe, kila siku, na baada ya muda asingeona ubaya wowote. Hilo la mwisho lilimtisha kuliko msumeno wa Daktari Sekela. Tena alijiona wa ajabu, kwamba anaogopa kuacha kuogopa.

5

Walikuja kumsalimia siku iliyofuata mchana, watu kumi na kitu, wakajaza sebule. Aliwafahamu wote. Kulikuwa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Mama Ambwene aliyezimia, fundi wa mashine za kuchumia chai, na wengine ambao alikuwa amewashonea watoto wao. Walikaa. Baada ya muda mfupi Bupe alisikia kwamba sebuleni kuna pumzi moja tu, kubwa, inayoingia na kutoka.

"Hatukuja kukulazimisha, Mama Lusajo," alianza mwalimu mkuu.

"Tumekuja kukuona tu," alisema Mama Ambwene.

"Kwa sababu wewe ni"

"mtu wetu," alimaliza fundi, na hakuna aliyeshangaa.

Vikombe vilipanda pamoja. Vikashuka pamoja. Ipyana, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kikombe, aliinua mkono mtupu mpaka mdomoni, akaushusha.

Bupe alikuwa amewahi kuwapulizia filimbi wachezaji wa shule aliyosoma mwenyewe, mbele ya wazazi waliomtukana. Aliona kwamba afadhali kutukanwa.

"Nimechagua upasuaji," alisema. "Nawashukuru. Najua mnabeba, na najua sitabeba nanyi. Sina la kusema juu ya hilo ila pole."

"Sawa," walisema. Wote, mara moja. Na wakaendelea kunywa chai.

Walipoondoka alimwambia Ipyana ampeleke kwa Daktari Ngonyani, maana alikuwa na ombi. Alishasikia kwamba mwanachama akiwa na kipimo kwenye mashine kubwa ya sumaku, kifaa chake cha begani hunyamazishwa kwa saa kadhaa. Huko waliita kwenda likizo.

"Nataka Baba Lusajo awe likizo nikiwa mezani," alisema.

Ngonyani alizungusha kalamu. "Kwenye kipimo yuko kitandani, tunamwangalia. Wewe unataka akae kwenye benchi akisubiri habari za mkewe. Mwaka huu tumembeba mara mbili. Moyo wake peke yake si wa kuamini. Unajua unachoomba?"

"Najua. Ndiyo maana namwomba mbele yako, ili akikataa usikie."

Ipyana alikuwa akimtazama kwa udadisi wa kweli. "Kwa nini unataka niogope?"

"Sitaki uogope," alisema Bupe, na sauti ikamkatika. "Nataka nikiwa pale ndani nisiwe peke yangu."

"Silisikii hilo unalosema," alisema Ipyana. "Nalielewa, ila halinigusi. Lakini nakumbuka mtu ambaye angekubali kabla hujamaliza kusema. Nitafanya kama yeye."

6

Asubuhi ya upasuaji Bupe alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, nywele zimefungwa, pete imevuliwa. Ipyana alikaa kwenye kiti kando yake, na Daktari Ngonyani akapitisha kifaa kidogo chini ya mfupa wa bega lake.

Ipyana alishtuka kama mtu aliyefungiwa mlango wa chuma nyuma yake. Alitazama huku na huku.

"Kumekuwa kimya," alisema.

Kisha Bupe aliona uso wa mumewe ukirudi. Ulirudi vipande vipande, na haukuwa mzuri. Paji la uso lilijikunja, mdomo ukaanza kutetemeka, na macho yakamtazama yeye, kitanda, mlango wa chumba cha upasuaji, tena yeye. Alimshika mkono kwa nguvu mpaka mifupa ikauma. Mkono wake ulikuwa na jasho.

"Usiende," alisema. "Mama Lusajo, usiingie mle. Watakupasua. Dada yangu! Dada yangu amekufa, mimi sikulia hata kidogo, nilikula wali!"

Ilibidi wauguzi wawili wavibandue vidole vyake. Bupe nusura ashuke kitandani. Mlango ulipokuwa ukifungwa alimsikia akilia kwenye korido, kilio cha mtu anayelia mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, na aliwaza kwamba amefanya ukatili ambao hautasameheka. Kisha wakamwambia ahesabu, naye hakufika mbali.

Alipoamka kulikuwa na mrija kooni na mwanga mweupe. Alilala tena. Alipoamka mara ya pili mrija ulikuwa umetolewa, na kifua chake kilikuwa kimekuwa kitu kizito cha mtu mwingine kilichoshonewa kwake. Mguu uliwaka moto palipotolewa mshipa. Daktari Sekela alipita, akamwomba ataje jina lake, la mwanawe na la mji. Aliyataja yote. Daktari Sekela aliinamisha kichwa mara moja, akaondoka haraka kama mtu asiyetaka kuonekana akitabasamu.

Ipyana alikuwa kando ya kitanda. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu, ndevu zimeota, shati lile lile la jana.

"Uko hai," alisema. Alilirudia neno hilo mara nyingi. Halafu akainama karibu na sikio lake. "Mzee Gwakisa amekufa."

Bupe alijaribu kuinuka, kifua kikamrudisha kwenye mto.

"Ulikuwa bado mezani. Nilikuwa kwenye benchi, nikaona wanaanza kubeba. Sijawahi kuwaona kutoka nje, Mama Lusajo. Hivyo ndivyo tulivyo? Walisimama korido nzima, wanataja mabanda, na mimi nimekaa katikati yao kama mlevi msibani. Wakafika darajani. Nikasubiri wavute pumzi. Hawakuvuta. Wakaendelea. Wakataja mashine ya kusaga, wakataja kanisa, wakataja mti wa mparachichi wa kwa Tusekile. Vidole vyao vikafunguka, wote. Wakasimama vile wakitazamana. Halafu nikamsikia Tusekile."

"Ni kwa sababu hukuwepo?" Sauti ya Bupe ilitoka kama ya kifaranga.

"Nimemuuliza daktari. Anasema huenda angekufa hata hivyo. Anasema pia huenda uzito ulizidi kwa mtu mmoja. Hajui." Ipyana alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikwenda kwa Tusekile. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama. Sijui alikuwa ananishukuru au ananiuliza. Na mimi nilikuwa nimemsahau baba yake kabisa. Nilikuwa nakuwaza wewe tu."

Bupe alifumba macho. Alikuwa amemwomba mume wake akae naye, na mtu alikuwa amepita kwenye nafasi aliyoiacha. Alijaribu kulipima jambo hilo, kama lilikuwa jema au baya. Alipolitazama upande huu, aliiona miguu mikavu ya Mzee Gwakisa ikipakwa mafuta. Alipolitazama upande wa pili, alijiona mwenyewe akiwaamulia watu zaidi ya mia mbili jambo ambalo hawakuulizwa. Hakulimaliza. Alijua tu kwamba angekwenda kwa Tusekile mara atakapoweza kutembea, na kwamba angemweleza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, aliomba nini na kwa nini.

Mlango ulifunguka. Daktari Ngonyani aliingia na kile kifaa kidogo mkononi.

"Hongera, Mama," alisema. "Baba Lusajo, saa za likizo zimepita tangu jana. Tumekuacha kwa sababu ulikataa kutoka hapa. Moyo wako unaruka. Nimeutazama. Ukiendelea hivi sina hakika na kesho."

Ipyana hakugeuka. "Sirudi," alisema.

Bupe alimshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yakikimbia chini ya vidole vyake, yakajikwaa, yakanyamaza hata akadhani yamekwisha, halafu yakaanza tena kwa kishindo. Hivi ndivyo alivyokuwa amemtaka. Alikuwa amempata, na alikuwa akimwua.

"Baba Lusajo. Nenda."

"Nikirudi kule nitakutazama kama ninavyotazama ukuta."

"Najua. Utakuwepo lakini. Nenda."

"Nitakuja hapa kesho nikuulize umeamkaje, na wewe utaona kwamba ninauliza tu."

"Nitakujibu," alisema Bupe. Kila neno lilimvuta nyuzi za kifua. "Mimi nitaogopa kwa ajili yetu sote wawili. Niko mzima sasa, naweza. Mwone daktari."

Ipyana alisimama. Ilimbidi ashike ukingo wa kitanda kwanza. Alitembea mpaka mlangoni, akafungua kifungo cha shati, na Daktari Ngonyani akainua kifaa.

Ipyana akaushika mkono wa daktari, akaushusha taratibu.

"Nipe dakika tano," alisema. "Bado namwogopea mke wangu."

Akarudi, akaketi.